Mgomba wa Amosi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Nimeshachekwa sokoni, nimeshachekwa kanisani, hata shemeji yangu mmoja alinicheka huku anakunywa uji wangu mwenyewe, akamaliza kikombe, akaondoka. Sikasiriki tena. Lakini ukishamaliza kucheka, tulia unisikilize, maana haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mchana, siku ya kazi, viatu vyangu vikiwa na matope. Sikuwa nimelewa, mimi na pombe hatujuani. Wala sikuwa nimesinzia. Mtu gani anasinzia ameshika bastola?

Ndiyo, bastola. Mimi ni mwanamke wa mbao. Nina duka pale Lushoto mjini, na wengi wananijua kwa mdomo wangu kuliko kwa mbao zangu. Mume wangu alipofariki nilirudi kukaa na mama yangu kijijini, huku juu, njia ya kwenda Magamba. Halafu majambazi wakatupangia mawe barabarani kwenye kona za kushuka Mombo. Dereva wangu Rashidi akapigwa ubapa wa panga mgongoni, mimi nikavuliwa mpaka pete ya ndoa. Basi nikaomba kibali cha silaha, nikafuata taratibu zote, nikapewa. Rashidi alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika usukani.

"Mama, unataka kupigana na Mjerumani? Mbona alishaondoka Lushoto zamani!"

Tatizo likawa macho. Ukifika umri wangu, cha mbali unakiona, cha karibu kinacheza. Bastola ina kijino kidogo kule mbele cha kulengea, na mimi kile kijino nilikuwa nakiona kama uzi uliolowa. Nikaenda Tanga kwa fundi wa silaha, mtu mpole, akaniambia dawa yake ipo. Akanifungia juu ya bastola kioo kidogo, hakizidi kiberiti kwa ukubwa. Ukichungulia kwenye kile kioo unaona nukta nyekundu inaelea, na penye nukta ndipo risasi inapokwenda. Hakuna cha kijino wala nini.

"Sasa nisikilize vizuri, mama," fundi akaniambia. "Hii si tochi. Haimuliki mtu. Nukta iko humu ndani ya kioo, unaiona wewe uliyeshika, basi. Unayemlenga hawezi kuiona hata akae mbele yako mpaka kesho. Na jambo la pili, usifumbe jicho. Fumbua yote mawili, tazama kile unachokipiga, nukta itajileta yenyewe."

Nikamwambia hilo la macho mawili niliwahi kuambiwa zamani. Hakuniuliza ni nani aliyeniambia, na mimi sikusema. Lakini wewe nitakwambia.

Aliyeniambia ni mdogo wangu, Amosi. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Tukiwa watoto tulikuwa tunapiga ndege kwa manati, na mimi nilikuwa nafumba jicho la kushoto, nakosa, nakasirika, naitupa manati kwenye majani. Amosi anaiokota, anacheka mpaka anakaa chini. "Dada, Mungu kakupa mawili, unambania nani? Fumbua yote!" Ndivyo alivyokuwa. Hata ukimchapa alikuwa anakuchekesha katikati ya fimbo.

Akiwa kijana, hajaoa bado, aliingia msituni na wenzake kupasua mbao. Siku moja ukungu ukashuka, ule mzito wa kwetu, wenzake wakatoka, yeye hakutoka. Tulimtafuta mpaka miguu ikavimba. Hatukupata mfupa, hatukupata kandambili.

Ukoo wetu una desturi yake. Mtu akipotea na mwili usionekane, matanga hayawezi kuanuliwa na mali yake haiwezi kuguswa, kwa hiyo unakatwa mgomba, unavishwa sanda, unazikwa badala yake. Zamani wazee walikuwa wanangoja mpaka tumaini lote liishe. Baba yetu mdogo hakungoja. Amosi alikuwa na kishamba chake bondeni, chenye maji mwaka mzima, kabichi zake unazibeba kwa mikono miwili, na baba mdogo mate yalikuwa yanamtoka. Mchungaji aliposikia kinachozikwa alisema yeye hasomi ibada juu ya mgomba, akageuza pikipiki yake akaenda zake. Wakazika wenyewe, nyuma ya nyumba ya mama. Mama alijifungia ndani. Na mimi, Mungu ni shahidi wangu, sikutupa hata punje ya udongo. Nilikaa ndani na mama nimemshika mkono, tukawa tunasikia majembe.

Sasa sikia kazi ya watu wenye haraka. Desturi inataka gogo lililokatwa, lisilo na mzizi. Wao waling'oa mgomba mzima na mizizi yake, wakaukunja kwenye sanda, wakaufukia hivyo hivyo ili wawahi kwenda kupima shamba. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Pale nyuma ni changarawe tupu, hata mchicha unakataa. Mvua ziliponyesha, kaburi likaota.

Baba mdogo alikuja na panga kulikata lile chipukizi. Mama akatoka na panga lake.

"Kata," akamwambia. "Kata, nami nikukate."

Baba mdogo akarudi nyuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa. Kwa mama ule mgomba ulikuwa jibu. "Maiti haioti," alikuwa anasema. "Mwanangu yu hai." Kila jioni akipakua chakula alipakua na sahani ya Amosi, akaifunika kwa kawa, akaiweka karibu na mlango. Asubuhi anawamwagia kuku. Mashina yakaongezeka mpaka kikawa kichaka, lakini hakikuzaa mkungu hata mmoja, miaka yote. Mama akazeeka, mtoto wa jicho akamfunga macho yote, na bado jioni anapapasa, anapakua, anafunika. Majirani walisema ana wazimu. Mimi nilijua ile sahani ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Nilikuwa naogopa siku moja tu, siku ambayo mama angeacha kuiweka.

Turudi kwenye bastola. Fundi aliniambia nikifika nyumbani niijaribu, nipige, nitazame risasi zinaangukia wapi, kisha nizungushe skrubu za kile kioo kidogo kidogo mpaka nukta na risasi vikubaliane. Juu ya kijiji chetu kuna mahali palipochimbwa kifusi cha barabara pakaachwa. Pana ukuta mrefu wa udongo nyuma, hapapiti njia. Nikamwarifu mwenyekiti wa kijiji ili watu wasije wakakimbia ovyo. Na shabaha nzuri kwa mahali kama pale ni shina la mgomba, maana ni laini, limejaa maji, linaimeza risasi isirudi.

"Rashidi," nikamwambia, "pita nyumbani ukate mgomba uniletee kule juu. Usikate wenye mkungu."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza wala sikupunguza. Usikate wenye mkungu. Mkulima gani asingesema hivyo? Na Rashidi si wa kwetu, ni mtu wa Mnazi, kule tambarare. Mambo ya ukoo wetu hayajui. Nani anakaa chini kumweleza dereva wake kwamba mdogo wake alizikwa akiwa mgomba?

Akaja na shina nene begani, shati limelowa utomvu. Sikumuuliza amelikata wapi. Wewe ungeuliza? Akalisimamisha kwenye ukuta wa udongo, akalibana kwa vigingi viwili, mimi nikabandika kipande cha mfuko wa saruji penye kimo cha kifua cha mtu. Rashidi akatazama mawingu.

"Mama, ukungu unakuja. Piga upesi tuondoke."

"Wewe nenda kaswali alasiri yako," nikamwambia. "Usinisimamie kama askari."

Akaenda, akiwa anacheka. Nikabaki peke yangu. Nikaziba masikio kwa pamba, nikanyoosha mikono, nikachungulia kwenye kioo. Na mazoea yana taabu, ndugu yangu. Nilifumba jicho la kushoto.

Kwa lile jicho moja niliona vizuri kabisa. Shina, karatasi, nukta nyekundu katikati. Nikapiga. Risasi ikashuka chini, ikakimbilia kushoto. Nikazungusha skrubu, nikapiga tena, ikapanda kidogo. Nikawa nafurahi, nisikufiche. Kila niliyemuuzia mbao akaniita mama mkorofi, kila jambazi aliyenivua pete, nilikuwa namwona pale kwenye karatasi. Nikapiga nyingine. Ukungu nao ukawa unamwagika kutoka msituni, unajaza lile shimo polepole. Ndipo nikalikumbuka neno la fundi. Nikafumbua jicho la kushoto.

Palikuwa na mtu.

Alikuwa amesimama pale pale penye shina, mgongo kwenye udongo. Mzee, nywele nyeupe, sweta limechanika mabegani. Mkono wake ulikuwa kifuani, anajipangusa, kama mtu anayeondoa siafu. Nikashusha bastola chini mara moja. Yesu wangu, nikasema, nilitaka kumuua baba wa watu!

Na sisi wa huku tumelelewa hivi, hata nyumba iwe inaungua, mkubwa anaamkiwa kwanza. Nikatoa pamba masikioni, nikainama.

"Shikamoo baba. Nisamehe sana, baba, sikukuona. Ni huu ukungu."

Yule mzee akaniinamia na yeye.

"Shikamoo dada," akasema.

Hebu fikiri. Mtu mwenye mvi kichwa kizima, amejikunja kuliko mama yangu, ananiamkia mimi shikamoo. Kwetu hilo si jambo la mchezo. Nikadhani ananidhihaki, na hasira zangu unazijua ziko karibu.

"Mzee, mimi na wewe hatuna utani," nikamwambia. "Umepitaje hapa? Huoni watu wanapiga risasi?"

"Risasi haziumi," akasema. "Kilichokuwa kinaniwasha ni hicho chekundu chako. Umekishusha, sasa sikisikii."

Chekundu kipi? Fundi alinihakikishia, na mimi mwenyewe nilishajaribu kwenye kioo cha kabati, kwamba aliye mbele haoni kitu. Nukta ilikuwa yangu peke yangu. Basi kwa ukaidi wangu, nikahakikisha kidole hakipo penye kifyatulio, nikainua tena. Nikaipeleka nukta begani kwake. Mkono wake ukaruka begani, ukapangusa. Nikaishusha tumboni. Mkono ukashuka tumboni. Hakuwa hata ananitazama, alikuwa ametazama chini, kama mgonjwa anayepapaswa na daktari.

Nikafumba jicho la kushoto. Kwenye kioo palikuwa na mgomba tu, na karatasi yangu ya saruji yenye matundu. Nikalifumbua, nikafumba la kulia. Mgomba haukuwepo, alikuwepo yeye, na kwenye sweta matundu yale yale, yanatoka maji meupe, yanashuka taratibu. Nikafumbua yote mawili. Shina na mtu, mahali pamoja, na nukta yangu nyekundu juu yao.

"Umechelewa kufumbua, dada," akasema, na sasa alikuwa anacheka. "Mungu kakupa mawili, unambania nani?"

Nisikudanganye kwamba nilikimbia, wala nisikudanganye kwamba nilikuwa shujaa. Nilikaa chini kwenye kifusi kama mzigo, nikalia kwa sauti. Miaka yote ile nilikuwa sijamlilia Amosi hata mara moja, maana kumlilia ingekuwa kumkubalia baba mdogo.

"Ulikuwa wapi, mdogo wangu? Ulikuwa wapi wewe?"

"Sikuwa mahali. Mti wa mkulo uliniangukia siku ile ile, kabla ukungu haujaondoka. Nilikufa vizuri tu, dada. Ni ninyi mlionipanda."

"Si mimi! Mimi sikutupa udongo!"

"Najua. Lakini nilipandwa, nikaota. Kila jioni mama ananiita nile, na mimi naenda. Nikifika mlangoni mizizi inanivuta, siwezi kuvuka kizingiti. Nanusa maharage ya mama miaka yote hii, siyaonji. Nimezeekea nyuma ya nyumba. Leo yule mtu wako amenikata, nimetoka pale kwa mara ya kwanza, lakini shina bado lina maji. Likipandwa tena, litaota tena. Nimechoka kuota."

Nikasimama, nikamfuata, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa, una nyuzi nyuzi chini ya ngozi. Nikamvuta.

"Twende nyumbani. Twende mama akushike, hata kama ni hivi hivi ulivyo. Nitakubeba."

"Hubebi kitu," akasema. "Nimalizie, dada. Weka hicho chekundu hapa katikati, safari hii usifumbe. Nikiwa mwepesi nitaweza kuvuka kizingiti. Nitapita nimuage."

"Mama akijua umekufa, na yeye atakufa. Kinachomweka hai ni sahani yako, huelewi?"

Akajipangusa tena, ingawa bastola ilikuwa inatazama chini.

"Mama anangoja mtu," akasema. "Mimi si mtu, dada. Utaniacha hivi mpaka na wewe ufe, halafu nani atanimalizia?"

Sasa nikuulize wewe unayenisikiliza umekunja miguu. Ungefanya nini? Ukimwacha, mdogo wako anaendelea kunusa chakula asichokila. Ukimmalizia, unamnyang'anya mama yako kitu pekee alichobakiwa nacho. Usinijibu. Watu wamenijibu sana, na wote walikuwa wamekaa penye joto.

Nilirudi pale nilipokuwa nimesimama. Nikafumbua macho yote mawili. Nukta ilikuwa inatetemeka, inapanda, inashuka, na mkono wake unaifuata huku na huku. Kisha akaushusha mkono, akautuliza pembeni, na nukta nayo ikatulia. Nikavuta. Ilikuwa risasi ya kwanza siku ile kupiga pale pale penye nukta.

Ukungu ulipopungua kidogo palikuwa na shina la mgomba limelala chini, limepasuka katikati. Rashidi akaja mbio.

"Mama! Vipi, umeumia?"

"Lile shina ulikata wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma kwa bibi, pale penye kichaka kisichozaa. Si ulisema nisikate wenye mkungu?" Akanitazama usoni, sauti ikashuka. "Bibi aliniuliza nani anakata, nikamwambia ni mimi, nimetumwa na wewe mgomba wa kupigia shabaha. Akanyamaza. Nikajua ameridhia. Kwani nimekosea?"

Nikaitia bastola mkobani. Tukaanza kuteremka, na yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Wallahi, mama, nani kapita hapa? Utomvu umedondoka njia nzima."

Kweli ulikuwa umedondoka, kwenye majani, kwenye mawe, tone baada ya tone, mpaka uani kwetu, mpaka mlangoni. Ndani ya kizingiti haukuwepo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Haikuwa jioni bado, lakini sahani ya Amosi ilikuwa mapajani mwake, kawa imewekwa kando. Sahani ilikuwa tupu. Kanga yake upande wa bega ilikuwa imelowa, na utomvu wa mgomba unaujua, ukishika nguo umeshika. Rashidi akabaki nje. Mimi nikapiga magoti.

"Amekuja," mama akasema. "Amekula yote. Amenikumbatia, amesema, mama, usiniwekee tena."

"Mama..."

"Nilisikia milio kule juu. Ule wa mwisho ni wako?"

Ningeweza kumdanganya. Haoni. Ningesema ni Rashidi, ningesema ni radi. Lakini yule ni mama yangu.

"Ni wangu, mama."

Akaipapasa ile sahani ukingoni, akaigeuza, akaifudikiza sakafuni.

"Wenzio walizika mgomba," akasema. "Wewe umenizikia mwanangu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho mama yangu kunisemesha.

Kile kichaka kilikauka chote, mashina yakaanguka yenyewe moja moja, na sasa pale nyuma ni changarawe kama zamani. Mchungaji mpya alikuja akasoma ibada, safari hii hapakuwa na mgomba wa kumkwaza. Baba mdogo naye alikuja, mzee sasa, na fimbo yake, akaniambia, "Unaona? Tulisema toka zamani amekufa." Nilimtoa uani kwangu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na ninayarudia moyoni kila ninapopita bondeni nikaona kabichi zake kwenye kishamba cha Amosi. Bastola niliirudisha polisi pamoja na kile kioo. Wakaniuliza sababu, nikasema macho yangu mabovu. Rashidi bado ananiendeshea gari, ila hakati mgomba wa mtu tena, hata aombwe na mwenyewe. Kila Ijumaa anamletea mama tende, mama anampokea na kumbariki.

Mama hakufa kama nilivyoogopa. Yuko hai. Anaongea na Rashidi, anaongea na kuku, anaongea na majirani walewale waliomwita mwendawazimu. Sahani haweki tena. Ile kanga haifui na haivai, ameikunja chini ya mto. Chakula changu anakula, kidogo, kama mgeni anayeogopa kumaliza mboga za wenyewe.

Basi ukicheka umecheka, ukiamini umeamini. Lakini ukija huku milimani ukaona mgomba umesimama peke yake nyuma ya nyumba, hauna mkungu na hakuna anayeukata, usiuguse. Waulize wenyewe kwanza. Na ukipotelewa na mtu wako, usiwaache wenye njaa ya shamba wakuharakishie kuzika. Na kama ni lazima ulenge kitu duniani, chochote kile, fumbua macho yote mawili kabla ya risasi ya kwanza. Mimi nilifumbua baada ya ile ya tatu.

Leo asubuhi nilimchemshia uji, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake kama ninavyofanya kila siku. "Shikamoo mama," nikasema. Akawa anapuliza uji. Nikangoja marahaba yake mpaka uji ukapoa, kisha nikainuka, nikaenda kufungua duka.